Staringi Aliyefichiwa Kosa Lake

Habari za kifo chake zilinikuta Kericho mjini, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta na bahasha mkononi. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu, ambaye zamani tulikaa naye kambi moja kwenye shamba la majani chai, aligeuka, akanitazama mara mbili, akasema, "Karani, si ni wewe? Basi umechelewa. Yule wa sinema tulimzika wiki iliyopita kule kwao Sigor." Nikamwuliza alikuwa na nini. "Kifua. Alikohoa tangu mvua ianze, hospitali akakataa, akasema itapita." Akanunua stempu zake akaenda. Mimi nilitoka kwenye foleni bila kutuma bahasha. Ndani yake kulikuwa na makala ya wiki ile, niliyokuwa nimeandika juu ya barabara zetu, na kama ulifungua gazeti ukakuta nafasi hii imejazwa tangazo la sabuni, sasa unajua kwa nini. Sikuweza kuandika juu ya barabara. Tangu siku hiyo nimekuwa na wasiwasi usionipa nafasi ya kukaa kitako, na nimeamua kuuweka hapa mbele yenu, maana marehemu na mimi tuliwahi kufanya jambo moja pamoja, na lawama ameibeba yeye.

Alikuwa mkalimani wa sinema za Kihindi. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kiwandani, kuchekecha majani makavu, lakini hakuna aliyemjua kwa kazi hiyo. Kabla ya kiwanda alikuwa amekata vitambaa miaka mingi katika duka la Mhindi mmoja pale mjini, na lugha za dukani zikamwingia masikioni polepole kama zinavyomwingia mtu anayesikiliza bila kuulizwa. Huyo mwenye duka ndiye aliyekuwa na mashine ya sinema. Jumapili moja kila mwezi, watu wakishatoka kanisani na kula, alikuja na gari lake hadi kwenye holi ya kambi yetu, tukaziba madirisha kwa magunia, tukatundika shuka nyeupe ukutani, naye mkalimani akapanda juu ya sanduku la chai kando ya shuka na bomba la bati la kukuza sauti mdomoni. Nyinyi mnaoijua Kericho mnajua mvua yake ya alasiri. Ikianguka juu ya mabati, sauti ya mashine haisikiki hata kidogo. Picha zinafungua midomo na kuifunga kama samaki. Kilichosikika ni lile bomba. Watu mia mbili, Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya, walikuwa wakiangalia Bombay na kusikia Kiswahili cha mtu wa Sigor.

Karibu sinema zote zilikuwa za staringi mmoja, yaani mchezaji mkuu yule yule. Mwenye duka alimpenda huyo kuliko wengine wote, na alikuwa akiletewa mikanda yake iliyochakaa baada ya kuonyeshwa Nairobi na Kisumu. Jina lake halina haja hapa. Wenye umri wangu watamkumbuka kwa nywele zilizoangukia paji la uso upande mmoja, ambazo kila kinyozi wa soko letu alidai anaweza kuzikata, na kila kijana aliyekatwa akatoka akiwa amefanana na kuku aliyenyeshewa. Mwenye duka aliwahi kunieleza habari zake. Alianza akiwa kijana mwembamba wa kucheza watu maskini, mbeba mizigo, mchungaji, yatima. Alipopata jina, alijijengea sura na kuilinda kama watu wanavyolinda boma. Hakukubali kucheza mlevi. Hakukubali kuonekana akimpiga mwanamke wala akimjibu mama yake vibaya, na hadithi ikiwa na kitu kama hicho waandishi walilazimika kuigeuza. Miaka ishirini watu wa kwao walimwangalia na hawakuwahi kumwona akikosea.

Shida yetu ni kwamba mikanda ilikuja bila mpangilio. Mwezi wa tatu staringi alikuwa na kitambi na nywele zilizotiwa rangi. Mwezi wa nne akaja akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili anayeruka ukuta. Watu wa kambi hawakuyachukua hayo kama hadithi mbalimbali. Uso ni ule ule, basi mtu ni yule yule, na maisha yake ni mamoja. Kosa hilo, kama ni kosa, lilikuwa letu sote, na mkalimani alilikubali akalifanyia kazi. Alizishona sinema zote zikawa maisha ya mtu mmoja. Polisi wa mwezi huu alikuwa ndiye yatima wa mwezi uliopita aliyesomeshwa na padri. Akionekana kijana tena, mkalimani alitangaza kwa bomba lake, "Leo tunarudi nyuma kidogo, kabla hajaumizwa mguu." Watu wakasema, "Sawa, rudi."

Kulikuwa na mambo magumu kuyashona. Kila sinema staringi alioa, na kila mara mke mwingine. Wanawake wa kambi yetu hawakuliacha hilo lipite hivi hivi. "Huyo ameoa tena?" mmoja aliuliza kwa sauti. "Na ng'ombe za mahari anatoa wapi?" Mkalimani akajibu kwamba staringi ana kazi ya serikali. "Na yule wa mwezi uliopita, mwenye macho makubwa?" "Yuko kwao. Mama yake ni mgonjwa." "Ni miezi minne sasa. Huyo mama hafi wala haponi?" Holi nzima ikacheka, na mkalimani mwenyewe akacheka ndani ya bomba, ikasikika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Siku nyingine staringi alionekana na glasi mkononi. Ilikuwa moja ya sinema za mwanzo, kabla hajawa na nguvu ya kukataa. "Ni dawa ya kifua," bomba likasema. "Daktari amemwambia anywe yote." Mzee mmoja nyuma akaguna, "Nipeni huyo daktari," lakini watu wakamnyamazisha. Hawakutaka iwe pombe. Na katika sinema ile ambayo staringi alipigwa risasi na kufumba macho, tulitoka nje tukiamini amezirai tu, kwa sababu kila mtu alijua staringi hafi, na kwa kweli mwezi uliofuata alikuwepo.

Mnaweza kucheka, lakini mtu yule wa kwenye shuka alikuwa na kazi katika maisha yetu. Nyapara wa wachumaji, Mkisii mrefu, mzee wa kanisa, ndiye aliyemchukua kwa uzito kuliko wote. Alikaa benchi la mbele, kofia gotini. Wachumaji wawili wakigombania mstari wa michai, aliwauliza, "Yule wetu angefanyaje hapa?" nao wakajua ni nani anayetajwa. Aliacha chang'aa baada ya kumwona staringi akimwaga glasi mchangani, na naapa kwamba aliiacha kabisa. Aliwahi kuvua koti lake la mvua akampa mzee mwendawazimu aliyekuwa akilala karibu na kiwanda, Jumatatu ya baada ya sinema yenye koti ndani yake. Mkalimani aliyaona haya na yakamwingia kichwani. Aliniambia siku moja, tukiwa kwenye banda la mizani ambako mimi nilikuwa karani wa kuandika majani ya kila mchumaji, "Karani, mhubiri anahubiri kila Jumapili na watu wanalala. Mimi nahubiri mara moja kwa mwezi na watu wanabadilika." Nilicheka naye. Sikuona ubaya wowote.

Halafu binti wa nyapara akapata mimba. Alikuwa shule, darasa la saba, na aliyempa mimba alikuwa kijana wa kambi ya jirani aliyetoroka mara tu habari zilipoanza kusemwa. Nyapara hakusema neno wiki nzima. Nyumba yao katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ilikuwa karibu na yangu, na kimya chake kilipita ukuta. Jumamosi, mizani ilipokwisha, mke wake alikuja bandani na kikapu kitupu mgongoni. Mkalimani alikuwepo, ameketi juu ya gunia. Mama yule alisimama, akatazama mlango, akasema polepole, "Nimesikia sinema ya kesho ilikuwa kambi ile ingine mwezi uliopita. Dada yangu yuko kule. Anasema staringi ana binti, na binti ana mimba, na staringi anamfukuza." Mkalimani akasema ni kweli, na yeye amesikia hivyo. "Basi nisikilize, ndugu yangu. Mzee anangoja kesho. Hajasema, lakini mimi namjua. Akiona yule anafukuza, wangu analala nje Jumatatu. Mtoto hana pa kwenda. Atajitupa mtoni."

Mkalimani akamwuliza, "Sasa mama, unataka nifanye nini? Picha siwezi kufuta. Watu wana macho."

"Picha ni yake. Maneno ni yako," mama akasema. "Unasema kila siku ile pombe ni dawa. Sema na hii."

Lazima mjue kitu ambacho sisi hatukukijua vizuri siku hiyo. Sinema ile ilikuwa ya uzee wa staringi. Kiuno kilikuwa kimenenepa, wasichana wa kucheza naye walikuwa na umri wa kuwa watoto wake, na watu wa Bombay walianza kumcheka gizani. Ndipo, mwenye duka alinieleza baadaye, akafanya jambo ambalo marafiki zake walimkataza. Alikubali kucheza baba mkatili. Baba huyo anamfukuza binti yake mjamzito kwa ajili ya heshima mbele za watu, halafu katika mkanda wa mwisho anajuta, anamtafuta mji kwa mji, anamkuta amekwisha kufa, na analia kwa sauti mbele ya umati ambao ndio aliokuwa akiuogopa. Mwenye duka alisema staringi aliogopa sana kuicheza, akidhani atapoteza watu wote. Lakini watu wa kwao walimwona kwa mara ya kwanza kama mtu mzima, na wale waliokuwa wakimcheka wakanyamaza. Mkalimani alijua kisa hicho juu juu tu: kwamba kuna kufukuza, na kwamba mwishoni binti anakufa. Tukakaa bandani tukitafakari. Na hapa ndipo nataka msome polepole. Ni mimi niliyesema, "Mwisho usionyeshwe. Binti akifa hapo kwenye shuka, mama huyu atazimia. Mfanye baba ampeleke binti kwa shangazi, halafu mwambie mwenye duka mto umeanza kujaa, afunge mashine aende. Mtu wetu abaki safi." Mama akasema, "Shangazi yuko kweli. Dada ya mzee, kule nyumbani milimani. Baba akimpeleka mwenyewe, atampokea." Basi ikawa hivyo.

Jumapili mvua ilianguka mapema. Mlango ukafunguka kwenye shuka, staringi akatokea na mvi kichwani, binti akamwangukia miguuni, na uso wa yule mtu tuliyezoea kumwona akitabasamu ukawa mweusi kwa hasira. Watu wakavuta pumzi. Bomba likasema, "Anasema, mwanangu, hapa watu watakusema sana. Nenda kwa shangazi yako ukae salama. Mimi baba yako nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Na mbona anamsukuma?" mtu akauliza.

"Anamharakisha. Mvua inakuja."

"Uso huo ni wa mvua?"

Wengine wakacheka. "Amemkasirikia yule kijana aliyeharibu mtoto wa watu," mkalimani akasema. "Angalieni macho. Yanamtafuta huyo kijana." Sauti za kukubali zikapita benchi hadi benchi, maana kijana wa kambi ya jirani alikuwa akijulikana. Nyapara hakugeuka. Kofia yake ilikuwa gotini na kichwa chake kilikuwa kikiinama na kuinuka taratibu, kama cha mtu anayesikia jambo ambalo alikuwa karibu kulifikia mwenyewe. Mkewe alikuwa ukutani pamoja na wanawake, mkono mdomoni. Mkanda ule ulipokwisha na taa ikawashwa, kabla ule wa mwisho haujawekwa, mkalimani alishuka sandukuni akamnong'oneza mwenye duka habari za mto. Mwenye duka aliogopa kukwama kwenye udongo wetu mwekundu kuliko alivyoogopa kitu chochote. Alifunga mashine. Watu walinung'unika, wakatoka. Mama alipita karibu nami akainamisha kichwa, na nilijiona mwerevu.

Jumatatu nyapara hakuonekana. Jumatano alisimama kwenye mizani, uso umetulia. "Nimempeleka kwa dada yangu," alituambia. "Kule atakaa salama. Nitakwenda kumchukua." Wachumaji walimsifu. Kanisani walimsifu pia, kwa sababu akina baba wengine wa kambi walikuwa wamefanya mabaya zaidi kwa binti zao. Mimi na mkalimani tulitazamana juu ya vikapu tukatabasamu. Mtoto alizaliwa salama, mvulana, habari zikaletwa. Mwezi ukapita, na mwingine. Mama akaja bandani tena. "Mzee hasemi tena habari ya kwenda," aliniambia. "Nikimwuliza, anasema alishafanya ya kufanya. Hana hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kumshika." Mwaka huo miguu yangu ikaanza kuwasha, kama inavyowasha kila mara, nikaacha kazi nikaenda Nakuru, kisha Kisumu, kisha pwani, kisha nikarudi Nakuru, na mahali fulani katika safari hizo nikaanza kuandika magazetini.

Nilikutana na mkalimani tena baada ya miaka mingi, Bomet, siku ya mnada wa ng'ombe. Mwenye duka alikuwa amefunga duka na kuhama na familia yake, kama walivyohama wengi, na mashine ilikuwa imekwenda naye. Mkalimani alikuwa amerudi kwao kulima. Aliniona, akanivuta kando ya ua wa ng'ombe, na hakuniuliza hata habari za nyumbani.

"Yule binti bado yuko kwa shangazi," alisema.

"Bado? Ana mtoto mkubwa sasa."

"Mzee amestaafu, ana kishamba chake Kabianga. Anaamka, anachuma majani yake, anaimba kanisani. Hana habari. Unajua kwa nini hana habari? Kwa sababu hajakosa. Tulimwambia staringi hakukosa. Na mtu ambaye hakukosa anaomba msamaha wa nini?"

Nilimwambia kwamba tulimwokoa binti asilale nje. "Labda," alisema. "Labda angemfukuza, na labda angemaliza kuangalia hadi mwisho, akaona mwenzake analia, akamwita mtoto ndani usiku huo huo. Sisi tulimpa mzee ile nusu ya kufukuza, tukaipaka sukari. Ile nusu ya kurudi tukaifungia kwenye gari la Mhindi." Alikuwa amekonda. Akaniomba twende pamoja Kabianga, tumweleze mzee sinema ile ilivyokwisha. "Mimi peke yangu hataniamini. Wewe ni mtu wa kuandika, atakusikia." Nikamwambia kwamba nina basi la kwenda Kisumu saa nane. Hilo lilikuwa kweli. Pia ni kweli kwamba kesho yake kulikuwa na basi lingine, na kesho kutwa lingine.

Kwa hiyo Sigor nilikwenda mara tu baada ya ile siku ya posta, nikiwa na deni la maneno nisilojua nitampa nani. Mjane wake alinipokea vizuri, akaniwekea kiti nje, akanitilia chai. Kaburi lilikuwa bado bichi nyuma ya nyumba. Alinieleza kwamba mumewe alikwenda Kabianga mara tatu. Mara ya kwanza alimkuta mzee uani, akakaa, akaanza kumsimulia mwisho wa sinema. Mzee akamkata. "Nilikuwa pale. Niliona kwa macho yangu. Alimpeleka kwa shangazi."

"Mzee, hayo nilisema mimi. Yeye hakusema."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema, toka, usionekane tena hapa."

Mzee akaweka chini kikombe chake cha chai. "Halafu?"

"Halafu akamtafuta, akakuta amekufa. Akalia mbele ya watu."

"Staringi? Alie mbele ya watu?" Mzee akasimama. "Mimi nilikuheshimu. Unakuja nyumbani kwangu kumharibia jina mtu ambaye hayupo kujitetea." Akamtoa. Mara ya pili hakumfungulia. "Alirudi hapa akakaa hapo ulipokaa wewe," mjane alisema, "akaniambia, nimemtengeneza mtu safi sana, sasa simwezi." Mara ya tatu alimkuta mama, mke wa mzee, peke yake, akiwa anapalilia. Mama alimwambia kwamba mzee ameondoka asubuhi, amevaa koti la kanisani, na amesema anakwenda kwa dada yake. Hakusema kwa nini.

Nikamwuliza mjane kama binti amerudi. Hajarudi. Mzee huenda huko kila mwezi, anakaa nje ya nyumba, mjukuu humletea uji. Binti huendelea na kazi yake, kupukuchua mahindi au kufua, na hajamwambia neno zaidi ya salamu. Mara moja mzee alianza kusema kitu, akashindwa, akalia hapo hapo na majirani wakiangalia juu ya ua. Binti aliingia ndani. Marehemu alifikiwa na habari hizo akiwa tayari kitandani, na mjane alisema hakujua kama zilimfurahisha au zilimwumiza, aligeukia ukutani. Ndipo nikauliza swali lililonipeleka. "Alikuambia ni nani aliyetoa shauri la kuficha ule mwisho?" Mjane alinitazama kwa mshangao. "Shauri? Alisema ni yeye. Alimwambia hata mzee hivyo, ni mimi peke yangu." Nikamaliza chai yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, kuku tu ndio waliokuwa wakisikia, na sikusema.

Nimefikiri sana juu ya staringi yule. Kule kwao alichoka kuwa safi, akajitokeza na kosa mbele ya watu wote, na akapata faida yake: aliweza kulia, na watu wakalia naye. Huku kwetu tulimkatalia. Tulimhitaji awe mtu wa kuigwa, tukamziba mdomo pale pale alipokuwa na la kutufundisha. Na naona tunawafanyia hivyo viongozi wetu, na wazazi wetu, na marehemu wetu zaidi ya wote. Mtu akifa tunapanda juu ya sanduku na bomba la bati, tunasema ile ilikuwa dawa ya kifua. Sisi tunaoandika safu kama hii tumefanya kazi hiyo mara nyingi, nami nimesifiwa kwa kuifanya vizuri. Ningeweza leo kuandika kwamba alikuwa mkalimani mwenye kipaji, mcheshi, mpenda watu, nikaishia hapo, na yote yangekuwa kweli. Lakini alikosea, alijua amekosea, na akatembea mara tatu kwenda kusema. Nikimwondolea kosa, nitakuwa nimemwondolea na safari hizo tatu, na sioni katika maisha yake kitu kikubwa kuzishinda.

Sehemu moja ya kosa hilo si yake. Mzee wa Kabianga, ikiwa gazeti hili linafika kwako, aliyesema mwisho usionyeshwe ni mimi, karani wa mizani. Yeye alilikubali neno langu kwa kumhurumia binti yako, na alipokuja kwako akasema ni lake. Mimi nilikuwa na miaka ya kuja na sikuja. Jumamosi hii nitakuja kuyasema mbele yako na mbele ya mama, na ukitaka tutafuatana hadi kwa dada yako nikayaseme mbele ya binti pia. Nimeyaandika hapa kwanza, watu wote wasome, kwa sababu najijua: nisingeyaandika, ningepata njia ya kugeuka.